Nimemaliza bayoteknolojia: maabara, kuuza vitendanishi au bioinfomatiki?

Mwana_Moro: Wakuu habarini. Nimemaliza chuo cha SUA pale Morogoro mwaka jana niko home tu, mjomba kila Jumapili ananiuliza "hiyo uliyosoma ni udaktari wa nini". Sasa kuna maabara ya utafiti wanataka mtu wa kujitolea miezi 6 kwa nauli tu, kuna kampuni ya vitendanishi (kemikali za kupimia maabara) inatafuta mtu wa mauzo, halafu mshkaji wangu ananiambia nikomae na bioinfomatiki, kuchambua data za DNA kwa kompyuta. Nishike ipi?

kipipeti: Afadhali umesema ya utafiti, maana wengi mnachanganya. Maabara ya hospitali wanataka usajili wa Baraza la Wataalam wa Maabara za Afya, mimi nimeenda intavyuu na tai kabisa nikarudishwa. Ila uliza kwanza, utagusa mashine au utaosha vyombo? Mimi miezi minne nimeosha tu na kuandika namba kwenye vichupa, PCR, ile mashine ya kuzidisha DNA, naiona kwa mbali kama harusi ya jirani.

dada_wa_mauzo: Huku hela inaonekana mapema lakini tageti haina huruma. Mashine ya mteja ikigoma usiku anakupigia wewe, na enzaimu zinataka nyuzi -20, nishakaa stendi Dodoma nimekumbatia boksi la barafu basi halijafika. Faida yake unaingia maabara zote, nafasi ikitoka unaisikia kabla ya tangazo.

jeli_imeungua: Bioinfomatiki unaanza bure mdogo wangu. Data ziko wazi NCBI, ile hazina ya data za jeni mtandaoni, na Galaxy, programu ya kuzichambua, unaitumia kwenye brauza hata laptopu ikiwa ya kuazima, Linux na R za kuandika amri mwenyewe zije baadaye. Usikusanye vyeti vya kozi! Chukua jenomu (DNA yote) ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni besi, yaani herufi za DNA, kama milioni 23 tu, tafuta mabadiliko ya jeni ya kelch13 yale yanayohusishwa na usugu kwa dawa ya malaria ya artemisinini, yameshaonekana mpaka Kagera, kazi yako iweke GitHub, ule mtandao wa kuweka kodi watu waione. Ukiitwa intavyuu una cha kuonyesha.

kipipeti: Sawa, ila ambaye hajawahi kuharibu sampuli atajuaje data ni chafu? Kuna jamaa alishangilia mutesheni (badiliko la DNA) mpya wiki nzima, kumbe sampuli mbili zilichanganyika.

jeli_imeungua: Hapo umenishika 😂

Mwana_Moro: Nimewapigia maabara nikauliza lile swali la vyombo. Mama wa watu kacheka sana, kasema mwezi mmoja vyombo halafu naanza kuvuna DNA ya mbu. Naripoti Jumatatu, jioni Galaxy. Dada, ile ya mauzo nakuletea binamu yangu, ana maneno huyo hatari.