Ushauri: siku tatu za Disney Florida na watoto wawili, mume anasema bora Saadani

MamaWawili_Makorora
Wanajamvi, habari za jioni.

Kaka yangu yuko Florida mwaka wa kumi na moja huu, katualika Juni shule zikifungwa. Viza tumeshagongewa na nauli kachangia nusu, hayo tusiyarudie. Tatizo ni Disney. Tutakuwa na siku tatu tu za kuzunguka, na huko bustani za michezo ziko nne, kila moja na tiketi yake. Nina mkubwa wa kiume, miaka tisa, haogopi kitu. Mdogo wa kike ana mitano, katuni anazikariri mwanzo mwisho, lakini Idi iliyopita pale Tangamano alipopandishwa bembea alilia hadi mwenye bembea akaturudishia hela bila kuombwa.

Baba yao naye ana yake. Kasikia bustani mojawapo mnapandishwa kwenye gari la wazi mkaone simba na twiga, kacheka mpaka chai ikampalia. "Yaani utoke Tanga, uipite Saadani hapo, ukamtazame twiga Marekani?" Nimekosa jibu. Niende zipi, na hiyo ya wanyama niiache?

Kijana_wa_Chumbageni
Shemeji kaua. Nakaa hapa hapa nione atajibiwa nini.

Baharia_Mstaafu
Bi dada, mie katuni nimezianza enzi za mikanda ya video, na mpaka leo na mvi zangu naangalia. Wajukuu wakilala mie ndo naendelea. Nimefanya kazi meli za abiria zinazofunga Port Canaveral, kutoka hapo hadi Orlando ni kama saa moja kwa gari, kwa hiyo hizo bustani nimeziingia kwa hela yangu mwenyewe na nina maneno.

Kwanza, siku tatu usiende bustani tatu. Nenda mbili, siku ya katikati mlale. Kule mtu anatembea toka asubuhi mpaka usiku, na mtoto wa miaka mitano saa nane mchana anageuka mzigo wa kubebwa mgongoni.

Ya kwanza Magic Kingdom, ile yenye kasri, iliyofunguliwa Oktoba 1971. Kwa mwanao mdogo hiyo haina mjadala, michezo mingi haina kipimo cha urefu na ni ya polepole. Ya pili ni hiyo hiyo anayoicheka shemeji, Animal Kingdom. Wala si kwa sababu ya twiga.

Ndani yake wamejenga mji mzima wa Kiswahili wa kubuni, unaitwa Harambe. Ni harambee yetu, e moja imeanguka njiani. Waliousanifu walikuja huku Afrika Mashariki kutazama, na ukiingia unaiona Lamu: kuta zimepakwa chokaa kisha zikabanduliwa makusudi, mabango yamechakazwa kwa rangi yaonekane yamepigwa jua miaka. Genge la vinywaji linaitwa Tamu Tamu. Pa kahawa ni Kusafiri. Kuna Dawa Bar. Kuna na duka la Mombasa Marketplace (Mombasa wamewekewa duka, sisi Tanga hata kibao cha chooni hatuna, hilo sijawasamehe). Nilisimama mbele ya Tamu Tamu nikacheka peke yangu kama mwehu, mama mmoja wa Kimarekani akaniuliza kuna nini. Nikamsomea. Akaniomba nimsomee na kile kibao cha pili, na cha tatu, mwisho nikawa natembea na familia nzima nyuma yangu.

Sasa mfikirie mwanao wa miaka mitano, ndo kwanza anajifunza silabi. Kila bango atalisoma kwa sauti na kujua maana yake, na watu wazima wa hapo hawajui. Saadani hawezi kulipata hilo. Mwambie shemeji.

Pa bandia ni pa bandia, sikatai. Hakuna harufu ya samaki, hakuna adhana, na paka hata mmoja sikumwona. Mji gani wa pwani hauna paka?

Kijana_wa_Chumbageni
Hahaha, paka. Baharia umeniweza.

Nesi_wa_Pongwe
Dada, mie nakuonya kitu kimoja tu. Wanangu niliwapeleka bustani moja ya nje ya nchi, jina nalihifadhi. Mtoto kutwa anamwimba panya wa kwenye katuni. Tumekaa foleni dakika arobaini na tano apige naye picha. Panya katokea, mrefu kuliko baba yake, kichwa kama sinia la pilau. Mtoto alipiga ukelele nikadhani kaumwa na nyuki, akakimbilia chini ya uzio, kiatu kimoja hatukukiona tena. Picha ninayo: mie, panya, na nafasi aliyotakiwa kusimama mtoto.

Kwa hiyo muoneshe kwanza video za watu wengine wakikutana nao, ajue ni wakubwa. Na wakifika asisukumwe mbele, mwache atazame wenzake.

MamaWawili_Makorora
Nesi umenichekesha na umenitisha. Baharia, ahsante mno. Foleni je? Na chakula? Kaka anasema sahani moja huko unalisha watu wanne Tanga.

Baharia_Mstaafu
Chakula bebeni. Wanaruhusu kuingia nacho, ilimradi si pombe wala chupa za kioo. Chapati zilizokunjwa na mayai zinafika mchana bila tabu. Maji msinunue: vibanda vya chakula vyenye mashine za soda ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure. Nimeona watu wanalipa dola kadhaa kwa chupa hatua tano kutoka hapo.

Foleni dawa yake ni kuwahi. Muwe getini kabla halijafunguliwa, na Animal Kingdom muanze na hiyo safari ya magari, inaitwa Kilimanjaro Safaris. Asubuhi wanyama bado wanatembea, jua likikaza simba wanalala kama simba wa popote. Ni kama dakika ishirini, haina kipimo cha urefu. Mkitoka kaoneni onyesho la Lion King ukumbini, wanaimba na kuruka sarakasi mbele yenu. Ila filamu yenyewe ya 1994 warudie kuiona kabla hamjaondoka, na wewe ujiandae kueleza kwa nini kuna fisi anaitwa Shenzi.

Kuhusu wanao kupishana: Expedition Everest, treni ya mlimani inayorudi kinyumenyume gizani, inataka sentimita 112. Mkubwa atapita, mdogo sidhani. Mkifika mlangoni semeni mna mtoto asiyefikia kipimo. Mmoja wenu anaingia na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Wageni wengi hawalijui hili, baba anaishia kushika mikoba kutwa.

Mvua: Juni Florida alasiri inanguruma karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo ya nje inasimamishwa. Msikimbilie geti la kutokea kama kundi zima, ingieni ukumbi wowote mkae, kwa kawaida inapita. Joto halitawasumbua, nyie watu wa Tanga.

Mpishi_Raskazone
Naongezea. Ukitaka kuona twiga bila tiketi ya bustani, kuna hoteli yao jirani na hiyo Animal Kingdom, ndani yake mna mgahawa unaitwa Sanaa. Unaweka nafasi mapema, unakaa dirishani, twiga na pundamilia wanapita nje. Wanaleta naan za aina aina na vibakuli vya chatne na achari. Mie mpishi nasema ile achari yao inahitaji pilipili mbuzi, lakini mkate hauna kosa. Hoteli hiyo hiyo ina mgahawa Jiko na mwingine Boma. Ile siku yenu ya mapumziko muende huko.

MamaWawili_Makorora
Mrejesho. Baba yao nimemsomea uzi wote kitandani. Ile ya kusoma mabango kanyamaza. Baada ya muda kauliza, hiyo Dawa Bar wanauza dawa gani?

Baharia_Mstaafu
Mwambie si ya kifua.

MamaWawili_Makorora
Haya. Asubuhi nimewapima kwenye mwimo wa mlango kwa chaki. Mkubwa 131. Mdogo kusikia kaka yake atapanda treni ya mlimani, eti na yeye anataka, huyo huyo wa Tangamano. Kajinyoosha, visigino juu, nimemshusha: 109. Kalia. Halafu kashika mabutu yake mawili kayasimamisha kama pembe, anasema nipime tena. Ukihesabu mabutu inafika 112 kamili. Nimuache na matumaini?

Baharia_Mstaafu
Mabutu hawahesabu, wanaweka kijiti bapa juu ya kichwa. Ila pale Magic Kingdom kuna treni ya wale vijeba saba wa mgodini, hiyo ni 97 tu. Mwambie visigino chini na anapita.