Noah ya Baba Mdogo: tuiuze bei gani?

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Baba Mdogo ameniomba nilete jambo hapa. Ile Toyota Noah yake iliyolala Kimara tangu injini ilipochemsha anataka kuiuza. Haiwaki. Jirani ametoa dau la milioni mbili na anataka jibu kesho. Mimi naona anaonewa. Wenye uzoefu semeni.

Mjomba Rashidi: Marahaba mwanangu. Asichukue. Mtu anayekukimbiza hivyo kwenye gari bovu keshapiga hesabu ya faida yake.

Shangazi Mwajuma: Kwa nini tusichange tukalitengeneza kwanza? Gari zima halikosi mteja.

Idi: Shikamoo Shangazi. Mimi kama fundi sikushauri. Jumapili nilichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi hapo gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekwisha. Nikiinua hedi naweza kukuta imepinda tu, ikaenda kusawazishwa, tukamaliza. Naweza pia kukuta imepasuka. Tutaanza na laki sita tufike milioni mbili, na mnunuzi hataturudishia hiyo hela. Akisikia injini ilifunguliwa juzi ataogopa zaidi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Basi sawa. Ila milioni mbili kwa gari lenye bodi safi vile inaniuma.

Mjomba Rashidi: Inauma kweli. Sasa tupange bei kwa kichwa, tusipange kwa uchungu. Noah ya umri huu, namba C (usajili unaoanza na herufi C baada ya tarakimu), ikiwa inatembea, watu wanaichukua kwa milioni 8. Sisemi bei ya kwenye tangazo, nasema hela inayotoka mfukoni. Idi, injini ya mtumba ya 3S kama iliyomo humo, pamoja na kuifunga ni kiasi gani?

Idi: Jana nimeuliza Ilala. Na ufundi, oili na vikorokoro, weka milioni 2.2. Betri mpya na matairi mawili ya nyuma yaliyokauka, laki nne. Brekidauni kutoka hapo mpaka gereji, laki moja na nusu.

Mjomba Rashidi: Toa zote hizo kwenye 8, inabaki 5.25. Sasa toa milioni moja ya mnunuzi, maana yeye ndiye anayebeba wasiwasi wa kitu ambacho hatujakiona ndani. Inabaki milioni 4 na robo. Tangazo liseme 4.8, na chini ya 4 asishuke.

Zuhura: Na mtu wa skrepa je? Alishapita akauliza.

Mjomba Rashidi: Alitaja shilingi 800 kwa kilo. Gari lile halizidi tani moja na nusu sana, hiyo ni kama milioni 1.2. Kwa hiyo dau la jirani limepita bei ya chuma kwa laki nane tu! Giaboksi nzima, milango, taa, viti, vioo, vyote anavipata bure.

Saumu: Si tulichinje wenyewe tuuze spea?

Idi: Dada, inalipa kwa mwenye duka. Sisi tutauza taa na giaboksi wiki ya kwanza, halafu mifupa itakaa uani mwaka mzima na Baba Mdogo ndiye atakayeitazama.

Shangazi Mwajuma: Kadi ya usajili wa gari ina jina la nani?

Zuhura: La yule aliyemuuzia Baba Mdogo. Mkataba wao upo, ila hawakwenda TRA, kwa watu wa mapato, kubadilisha umiliki.

Shangazi Mwajuma: Hapo nako mtapoteza hela, si kwenye injini tu. Mnunuzi akiona majina mawili tofauti atakata milioni nzima, na ana haki. Mtafuteni huyo mwenye kadi sasa hivi, wakati bado anapatikana kwenye simu. Wawe na TIN, namba ya mlipakodi, wote wawili, umiliki uhamie kwa Baba Mdogo kwanza, ndipo tangazo litoke. Na Zuhura, angalia ile namba kwenye mfumo wa polisi kama ina faini za trafiki. Deni hilo linakaa na gari.

Zuhura: Nimeangalia sasa hivi. Zipo mbili, 60,000. Nalipa leo.

Mjomba Rashidi: Safi. Tangazo lisifiche kitu. Andika hivi: "Noah, namba C, haiwaki. Ilichemsha, maji yameingia kwenye oili. Giaboksi haikuwa na tatizo kabla ya hapo. Inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Njoo na fundi wako." Picha ya dipstiki iwekwe pia.

Saumu: Picha ya ubovu tena Mjomba? Si tutawafukuza?

Mjomba Rashidi: Tutawafukuza wasumbufu. Atakayekuja amejua anachokuja kununua, hatafika uani akaanza kukata laki tano kwa kila kitu anachokiona. Maneno hayo hayo yaingie kwenye mkataba mbele ya wakili, kwamba ameambiwa, amekagua, amekubali. Ukimficha mtu ubovu unaoujua, "kama ilivyo" haikukingi. Sheria ya Mikataba inamruhusu aliyelaghaiwa kuuvunja mkataba.

Idi: Nyongeza. Mtu asipewe nafasi ya kupiga stata "tusikie tu". Oili yenye maji hailainishi, ataisaga injini na kitakachobaki si kile tulichokitangaza.

Shangazi Mwajuma: Na hela iingie benki, salio lionekane kwenye akaunti. Meseji ya simu si hela. Gari lisivutwe kabla ya hapo, na siku hiyo hiyo waende kubadilisha umiliki. Likija kufanya uhalifu bado lina jina la Baba Mdogo, polisi watagonga kwake.

Zuhura: Baba Mdogo ametuma sauti, naiandika kwa wasioweza kufungua: "Nimewasikia wanangu, na dada yangu asante. Jirani nitamjibu mwenyewe, nimwambie 4.8 na ubovu wote ninaoujua. Akiweza, ni wa kwanza. Mwenye kadi yuko Morogoro, nimeshaongea naye, anakuja Jumatano. Idi njoo siku hiyo na betri ya kuazima, tujaribu taa na vioo tu, stata hapana."

Idi: Nitafika asubuhi Baba.