Probox NA NAULI! Kuna mtu Nakuru amenidharau leo na nyote mnamjua

Ja_Milimani (saa 11:40 jioni)

Wadau, leo sina salamu. Naandika nikiwa nimeegesha kando ya barabara hapa Salgaa na mkono bado unatetemeka.

Yule jamaa. Yule yule. Wa yadi iliyo kando ya barabara kuu, mwenye miwani ya kamba na kijiti cha meno ambacho hajakibadilisha tangu Kibaki awe rais. Simtaji. Hakuna haja. Nusu yenu ameshawala, nusu bado mnangoja awaletee mteja.

Nimempelekea Range Rover yangu ninayouza, akanipa Probox, ile Toyota ya kubebea mizigo. Na nauli.

Nimetoka Kisumu saa kumi alfajiri. Nimeiosha Range, nimepaka tairi mafuta mpaka nzi wanateleza. Range Rover ya 2009, dizeli V8 ya lita 3.6, ngozi rangi ya maziwa, paa la kufunguka. Niliinunua 2018 kwa milioni 4.2, na siku niliyoingia nayo bomani mama alidhani ni gavana, akatoa viti vya wageni na kumfungia mbwa. Naitisha milioni 1.9. Hiyo si bei, hiyo ni sadaka.

Jamaa akaizunguka mara moja. Hakufungua boneti. Hakuuliza logbuku. Alitoa kijiti, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Hapo ndipo gari ikashuka.

Kabla hamjaanza: Range INASHUKA. Ni kazi yake. Imekalia mifuko ya hewa badala ya springi, na kuna swichi ya kuishusha ili mtu mzima apande bila kurusha mguu kama anayeruka mtaro. Ilikuwa inamwinamia kwa heshima. Kwamba ilishuka upande mmoja tu wa nyuma, na ikatoa sauti kama ng'ombe anayelala, hayo nitayamaliza na fundi fulani aliyenifungia mfuko wa mtumba akaapa ni mpya.

Jamaa akaitazama ikikaa. Akangoja imalize. Halafu akamwambia kijana wake, kwa sauti ya kusikika yadi tatu: "Mpe mzee ile Probox nyeupe, na umpe nauli."

Mzee! Nina miaka 41!

Na NAULI! Jamani, mtu akikupa gari, nauli ni ya nini? Nimelifikiria hili kutoka Nakuru mpaka hapa. Ama Probox yenyewe haifiki, ama ameniangalia akaona hata Probox sistahili kuendesha. Na kijana alinyoosha mkono kweli! Mia tatu. Noti ya mia mbili na ya mia moja, ile ya mia imekunjwa mara nne kama hirizi. Mia tatu kutoka Nakuru inaniacha Mau Summit, nilale na viazi.

Hii ni gari iliyoanza 1970. Imewahi kuwekwa Louvre, Paris, watu wakaitazama kama sanaa. 1972 ilivuka Darien, ule msitu kati ya Panama na Kolombia, ambako hata leo barabara hakuna. 1979, mbio za Paris–Dakar za kwanza kabisa, upande wa magari ni yenyewe ilishinda. Malkia wa Uingereza aliiendesha mwenyewe amejifunga kitambaa kichwani. Probox imeenda wapi? Imeenda Luanda ya Vihiga na kuku.

Mia tatu, wadau. Imekunjwa mara nne.

SpanaKumiNaTatu

Pole mzee.

Ja_Milimani

Usiniite mzee.

MamaSection58

Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Kaka, hiyo gari haikuinama kwa heshima, ilipiga magoti kuomba msamaha. Lakini iliinuka?

Ja_Milimani

Iliinuka baadaye.

MamaSection58

Baadaye lini?

Ja_Milimani

Tuongee juu ya nauli.

Mpigadebe_Mstaafu

Mia tatu jioni ya leo ukiongea vizuri na makanga inakufikisha Kericho. Usidharau pesa ya mtu.

SpanaKumiNaTatu

Sasa niseme kama fundi, halafu mnitukane mkitaka. Jamaa wa kijiti hana adabu, lakini hesabu anaijua. Range mkono wa kwanza ni mali. Mkono wa tatu ni ndoa: unaipenda, lakini kila mwezi wakwe wanataka kitu. Bei ya gari inashuka, bei ya spea haishuki nayo. Kompresa ya hewa, ile inayojaza hiyo mifuko, haijui kwamba gari sasa ni ya milioni moja na nusu. Yenyewe bado inajihesabu kwenye gari ya milioni ishirini. Mnunuzi hanunui Range yako, ananunua orodha ya vitu ambavyo hujatengeneza.

Na hiyo modeli ya gari yako imelelewa na wengi. Ilichorwa BMW akiwa ndiye mwenye kampuni, ikaingia madukani Ford ameshainunua, na 2008 Ford akaiuza pamoja na Jaguar kwa Tata wa India, dola bilioni 2.3. Mtoto kabadilisha walezi watatu kabla hajafika darasa la nane. Unashangaa akishuka upande mmoja?

Ja_Milimani

Asante kwa historia. Sasa niambie kama fundi, NAULI YA NINI?

SpanaKumiNaTatu

Nadhani Probox haikuwa na mafuta.

Dereva_wa_Luanda

Mulembe wote. Mimi naendesha Probox, Luanda–Kisumu, na nimeumia roho. Ndiyo, imeenda Luanda na kuku. Na kuku WAMEFIKA. Na mama mwenye kuku, na dada yake, na godoro, na mwalimu mkuu amekalia breki ya mkono. Huyo Malkia wako hajawahi kulipa karo kwa Range. Mimi nimesomesha watatu kwa Probox, mmoja sasa ni nesi.

Tena juzi nilivuta Range moja pale Maseno na kamba ya ng'ombe. Sitaji rangi.

Ja_Milimani

Ilikuwa rangi gani?

Dereva_wa_Luanda

Nyeusi.

Ja_Milimani

Ilikuwa imeishiwa mafuta tu. Na nilikulipa.

MamaSection58

WUEEEH.

Hesabu_Kali

Kwa hivyo Probox ilikuvuta Maseno, na leo ukipewa Probox umetukanwa. Mimi naona jamaa alikuwa anakupa tiba.

Ja_Milimani

Nyinyi hamuelewi soko. Sheria inakataza kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Maana yake ya 2009 haiwezi kuletwa tena nchini! Zilizoko ndizo hizo. Na mpya hazishikiki, ushuru wa forodha pekee ulitoka asilimia 25 ukaenda 35 mwaka wa 2023. Yangu ni ADIMU.

Hesabu_Kali

Nina jino lililong'oka 1998. Ni moja tu duniani. Nalo naitisha milioni 1.9, njoo sanduku la ujumbe.

Mkulima_wa_Njoro

Heshima ya sokoni haitoki Louvre. Toyota walipotoa Land Cruiser 300 mwaka wa 2021, kule Japani wateja walitakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba hawataiuza ndani ya mwaka mmoja. Mpaka mnunuzi anawekewa kiapo! Wewe Range yako ukiahidi kutoiuza, nani atalia?

Na huko kwao Uingereza mambo si shwari pia. Wezi waliziandama mpaka bima ikawa haishikiki, 2023 kampuni yenyewe ikaanza kuuza bima. Sasa jiulize, hapa umewahi kuibiwa?

Ja_Milimani

Siku moja Kondele niliiacha na ufunguo ndani saa nzima. Nilirudi nikaipata.

Mkulima_wa_Njoro

Sina swali zaidi.

Omera_Tulia

Mwizi aliingia, akaona taa za dashibodi, akakurudishia ufunguo.

Ja_Milimani

Haya, chekeni. Lakini mngeona vile alivyokitoa kijiti. Pole pole. Kama daktari anayevua miwani kabla ya kukwambia. "Mpe mzee ile Probox." ILE. Maana yake ilikuwa imepangwa, ilikuwa inaningoja. Nilipokuwa naosha gari Kisumu usiku, Probox ilikuwa tayari inaitwa ile.

Kale_Boy_Molo

Yule wa kijiti? Mimi alinipa ng'ombe. Nilipeleka Mercedes ya babangu, akanionyesha ng'ombe mmoja na debe mbili za mahindi.

MamaSection58

Ng'ombe wa aina gani?

Kale_Boy_Molo

Friziani. Mwenye mimba.

MamaSection58

Na ukakataa??

Kale_Boy_Molo

Sikukataa. Sasa tuko na ndama wawili. Mercedes alikaa nayo yadini miezi minane, akaikata vipande.

SpanaKumiNaTatu

Biashara ya mwaka hiyo.

Bibi_Harusi_Aliyekwama

Nyinyi mnalia juu ya kuuza. Mimi nilikodi Range nyeupe ya harusi, Kakamega, Desemba. Elfu 25 kwa siku. Ikaja bila AC, dereva amekula kitunguu. Tukafika lango la kanisa ikazima, ikakataa katakata kuingia gia. Shela yangu iko nje ya dirisha, kwaya imeshaanza kuimba, na mimi nimekaa ndani kama mzigo wa mitumba. Shangazi akasema tuisukume. Nimesukumwa madhabahuni, wadau. Na bado mwenye gari alitaka pesa ya kuosha kwa sababu ya maua! Huyo naye mnamjua, yule wa cheni ya dhahabu.

Omera_Tulia

Yule wa cheni! Mimi aliniletea limuzini ya msiba.

Hesabu_Kali

Limuzini ya msiba ni nini?

Omera_Tulia

Hata sisi tulimuuliza hivyo hivyo.

Mzee_wa_Zamani

Vijana, mnasahau. Range ya kwanza ilikuwa gari ya mkulima. Viti vya plastiki, ndani unaosha kwa mpira wa maji, milango miwili tu mpaka 1981. Babu mmoja mzungu huko Subukia alikuwa anabebea kondoo. Shida ilianza walipoweka ngozi rangi ya maziwa. Gari ikishakuwa na ngozi ya maziwa inaanza kuchagua barabara.

Ja_Milimani

Hatimaye mtu mwenye akili. Mzee, wewe ungechukua hiyo nauli?

Mzee_wa_Zamani

Ningechukua zote mbili na ng'ombe.

Kale_Boy_Molo

Ng'ombe ni wangu.

Dereva_wa_Luanda

Ja Milimani, bado uko Salgaa? Kama gari imekaa chini, nina kamba.

Ja_Milimani

Nimepumzika tu. Nakula mahindi.

MamaSection58

Kwa hivyo HAIJAINUKA.

Mnunuzi_wa_Viazi

Samahani kuingilia, lakini kwa vile Mau Summit imetajwa. Kuna mwanamume pale anauza viazi na nataka watu wote wamjue. Gunia juu viazi ni kama ngumi ya bondia. Nikafika Ahero nikamwaga, katikati ni saizi ya yai, chini ni marumaru! Marumaru za watoto! Halafu ile kofia ya gunia, yaani nyongeza ya juu ya mdomo, ameirefusha kwa kamba mpaka imekuwa kama kilemba. Sheria inasema kilo 50. Ziko wapi?

Mpigadebe_Mstaafu

Yule wa sweta ya kijani?

Mnunuzi_wa_Viazi

HUYO HUYO. Hata mvua ikinyesha, sweta ile ile.

Mkulima_wa_Njoro

Si kosa lake lote. Mnataka kofia ndefu wenyewe, halafu mkulima akileta gunia la kilo 50 mnasema limekonda. Mimi msimu uliopita niliuza kwa mizani, wateja wakapita wakaenda kwa sweta ya kijani.

Bibi_Harusi_Aliyekwama

Mimi nilinunua karoti kwake. Nusu ni majani.

Hesabu_Kali

Majani ya karoti sungura wanakula.

Bibi_Harusi_Aliyekwama

Sina sungura!

Omera_Tulia

Hapa Kibuye debe la viazi limekuwa la kusimulia. Jana nimepimiwa kwa mkebe wa rangi uliobonyezwa tako mpaka ndani.

SpanaKumiNaTatu

Kubonyeza mkebe ni sanaa. Hiyo ndiyo ya kupeleka Louvre.

Mnunuzi_wa_Viazi

Nani anajua mtu mwaminifu njia hiyo? Kesho napita tena.

Ja_Milimani

Ukitoka Nakuru usisimame pale kwenye kona. Songa mbele kidogo, mkono wa kushoto, kuna mama ana mwavuli wa bluu. Mwambie akumwagie gunia chini kwanza, hakatai. Lakini fika mapema, saa kumi jioni huwa ameshafunga.