Kwa nini intaneti inasuasua vijijini Tanzania ilhali nyaya za baharini zilishafika?

Mwuliza swali:
Ndugu wanajukwaa, waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ukafuata mwaka 2010, na ukajengwa pia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa nyaya za nchi kavu unaosambaza mawasiliano nchini. Kwa nini basi kuna vijiji ambako simu ya sauti inapatikana lakini intaneti haifunguki?

Jibu la kwanza:
Mkongo huishia mjini. Kutoka hapo hadi kwenye simu ya mkulima kuna mnara, na mnara huo unahitaji umeme, njia ya kupitisha mafundi, na kiungo chenye uwezo wa kuubeba mzigo wa data hadi kwenye mkongo. Mnara uliofungwa mitambo ya kizazi cha pili (2G) ulikusudiwa hasa sauti na ujumbe mfupi. Kampuni haziharakishi kuuboresha palipo na wateja wachache, na ndiyo maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ni wa serikali, huzipa ruzuku.

Jibu la pili:
Nakubaliana nawe, ila mijini nako tusijidanganye. Mei 2024 nyaya hizo hizo mbili ziliharibika kwa wakati mmoja upande wa kusini, intaneti ikazorota hata Dar es Salaam kwenyewe.

Mwuliza swali:
Je, setilaiti haziwezi kuziba pengo hilo?

Jibu la kwanza:
Kwa zahanati au shule iliyo mbali, ndiyo. Kubeba mzigo wa nchi nzima, hapana.