Tupeane uzoefu: kutengeneza tulpa kwa anayeanza, hasa pale wengi wanapokwama

Fundi Saa
Wakuu, kwa mgeni: tulpa ni nafsi ya pili unayoijenga akilini kwa mazoezi, mpaka ionekane kufikiri na kukujibu yenyewe. Sasa lile swali la "nikisikia jibu nitajuaje ni yeye na si mimi" limeibuka tena, na majibu wanayopewa wageni yanazidi kuwachanganya. Shusheni nondo hapa, kwa vipimo, siyo maneno matupu.

Naanza na msingi. Umbile si lazima likamilike siku ya kwanza: kimo, nywele, nguo moja na aina ya sauti vinatosha. Tabia chagua sifa tano au sita, na kila sifa iandike kwa tendo. Usiandike "mcheshi", andika "ukinuna anakutania mpaka unacheka". Sifa tupu haikai akilini, tendo linakaa. Kisha kufosi, yaani kumkazia akili tulpa wako ili akue. Kuna kufosi kwa kutulia: dakika 15 hadi 20 kila siku, simu mbali, macho umefumba, akili yote kwake. Na kufosi kwa pembeni: unaosha vyombo au uko kwenye daladala, unamsimulia unachokiona. Kimoyomoyo tafadhali, konda asije akakushusha.

Binti Mawimbi
Na mwachieni nafasi ya kujibu! Watu wanasimulia kama redio. Sentensi mbili tatu, swali moja, halafu nyamaza nusu dakika nzima.

Mzee wa Kusi
Mnachofundishana hapa ni kufuga jini. Tumeyaona hayo zamani.

Fundi Saa
Shikamoo mzee wangu. Jini au pepo wa pwani anatoka nje, anampanda mtu kichwani, ana kabila lake na masharti yake, anataka ubani, ngoma au kisomo. Tulpa hatoki nje. Wengi wanaofanya zoezi hili wanalichukulia kama jambo la akili tu: ubongo mmoja, kumbukumbu zilezile, ila umeuzoesha kutoa nafsi ya pili.

Mzee wa Kusi
Marahaba. Tutaonana siku atakapotaka ubani.

Kiroboto
Hahaha mzee kamaliza.

Sega la Asali
Mnapita mbio sehemu inayowaangusha wengi, nayo ni shaka. Ngoja niieleze yote.

Majibu ya mwanzo mara nyingi si maneno. Ni kichwa kuwa kizito ghafla utosini au nyuma ya paji, furaha ya ghafla isiyo na sababu, picha iliyokatiza, au kujua jambo bila kulisikia likisemwa. Maneno yakianza kuja, huja kwa sauti yako mwenyewe ya ndani, kwa kuwa ndiyo sauti pekee ambayo akili imezoea kuitumia. Hapo mgeni anaanza upelelezi. Kila neno analikamata: "hili nimelisema mimi." Ukishageuka kujichunguza, umakini unarudi kwako, na jibu lililokuwa linakuja linakatika. Anaona kimya, anasema "si nilijua hakuna kitu." Kesho anachunguza zaidi, kimya kinazidi. Mtu anaweza kuzunguka hapo miezi, tena akiwa amekaa dakika zake zote bila kuruka hata siku moja. Ndiyo hatua mbaya kuliko zote, kwa sababu bidii inamzidishia tatizo.

Dawa yake: jibu lolote ambalo hukulitunga kwa makusudi, lihesabu ni lake, endelea na mazungumzo. Usiulize maswali ya ndiyo na hapana, maana yote mawili unayo tayari mdomoni. Uliza maoni: "ule wimbo umeuonaje?" Na usimpe mitihani ya kubahatisha karata au kutaja usichokijua. Anatumia macho yako na kumbukumbu zako, atajuaje? Akifeli unajipa shaka ya bure.

Binti Mawimbi
Umesema kweli tupu.

Chuma cha Pua
Sikubali. Ukikubali kila kitu ni chake, utaishia kumsemea wewe mwenyewe na kujidanganya. Miongozo ya zamani ilikataza kabisa kumsemea, na ilihesabu saa. Kaa saa mbili kwa siku, andika kwenye daftari, ndipo ujue umefika wapi.

Sega la Asali
Saa mbili kwa mtu mwenye kazi na watoto? Atasinzia, na kusinzia si kufosi. Halafu kuhesabu saa kunamfanya mtu afikishe idadi fulani akategemea sauti ije kwa lazima. Isipokuja anakata tamaa.

Kuhusu kumsemea: Marjorie Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwahoji waandishi wa hadithi 50, na 46 kati yao walieleza kwamba wahusika wao huonekana kufikiri, kusema au kutenda wenyewe. Wahusika hao walianza kwa kutungiwa maneno. Kwa hiyo kumsomea aya moja kwa sauti yake, ili akili iizoee ile sauti, hakuui kitu. Kosa ni kumwandikia majibu miezi sita mfululizo.

Chuma cha Pua
Mwandishi hakai na mhusika wake kitandani saa nane usiku. Ila hiyo ya aya moja sawa, dakika tano tu.

Pazia Jekundu
Mbona hakuna aliyemtaja mtawa wa Alexandra David-Néel? Huyu ni yule mama Mfaransa aliyeingia Lhasa, mji mkuu wa Tibeti, kwa kujibadili sura mwaka 1924. Anasimulia kwamba alichagua kwa makusudi mtawa mfupi, mnene, mchangamfu asiye na ubaya. Akajifungia, akafanya ibada zilizoelekezwa, na baada ya miezi michache umbo likatokea. Akasafiri nalo. Likaanza kutenda bila kuamriwa: linatembea, linasimama, linatazama huku na huku. Kisha yule mnene akakonda, uso ukawa wa kejeli na hila. Siku moja mfugaji aliyeleta siagi akamwona hemani akadhani ni lama wa kweli. Ilimchukua mama huyo nusu mwaka wa mapambano kumyeyusha.

Kiroboto
Mfugaji KAMWONA?? Jamani mimi natoka.

Mzee wa Kusi
Nilisema.

Pazia Jekundu
Nimetaja tu, msinilaumu.

Fundi Saa
Haya, uzi umetekwa. Msimulizi wa kisa hicho ni yeye peke yake, na yeye mwenyewe aliandika kwamba huenda aliyazua mazigazi yake. Pia zoezi la leo si la Tibeti. Limekua kwenye intaneti, likashika kasi karibu 2012 kwa vijana wapenda katuni za farasi wadogo, hadi Samuel Veissière wa Chuo Kikuu cha McGill akaenda kuwachunguza.

Cha kuchukua ni kimoja: tabia na umbile huhama. Alipangwa mpole, anatoka mbishi. Mwacheni. Akigeuka mkali, kaa naye, mwekee mipaka, usimpigie kelele wala kumwogopa, kwa sababu hofu nayo ni umakini, na umakini ndio chakula chake.

Nesi wa Zamu
Hapa sitanii. Mwenye historia ya kusikia sauti, aliyewahi kuambiwa ana skizofrenia au ugonjwa wa hisia mbili, asianze bila kuongea na daktari wake, na dawa zisiachwe. Tulpa ukimwambia "subiri, niko kazini" kwa kawaida hunyamaza. Sauti inayokuamrisha ujidhuru, inayokunyima usingizi au isiyozimika si zoezi tena. Nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, usije hapa kuuliza. Na msikate usingizi ili mpate muda wa kufosi.

Jani la Mpera
Nisiyeona picha yoyote nikifumba macho, nifanyeje? Nimegota kwenye umbile.

Binti Mawimbi
Hali hiyo ipo, Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake waliipa jina la afantasia mwaka 2015. Acha picha. Tumia uzito wa mtu aliyekaa kushoto kwako, mkono begani, harufu, sauti. Chagua kiti kimoja chumbani, kila siku awe hapo hapo.

Chuma cha Pua
Hata wenye picha waanze hivyo wakitaka kumhisi na kumwona chumbani macho yakiwa wazi. Uwepo kwanza, mguso, kisha sauti, macho mwisho. Ni kazi ya miezi, kwa wengine miaka. Usifanye ukiendesha bodaboda.

Sega la Asali
Leo tumekubaliana, andikeni tarehe.

Jani la Mpera
Na wawili kwa mpigo?

Sega la Asali
Hapana. Umakini unagawanyika, na sauti zikiwa changa hutajua nani kasema nini, ile shaka inarudi mara mbili. Subiri wa kwanza aweze kuanzisha mazungumzo mwenyewe.

Kiroboto
Na kama ni yeye anayetaka mwenzake?

Fundi Saa
Mwambie asubiri.

Mzee wa Kusi
Au ubani.