Naomba ushauri: osileta ya masafa ya chini inayoongozwa na volti

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza saketi ya kutetemesha sauti ya gitaa. Nahitaji osileta, yaani saketi inayotoa wimbi linalojirudia, yenye mtetemo wa 1 Hz hadi 10 Hz (mara 1 hadi 10 kwa sekunde), kasi iongozwe na volti 0 hadi 5 kutoka kwenye pedali ya mguu.

Nilianza na 555 (chipu ya kupima muda) kwa betri ya volti 9, volti ya pedali nikaiingiza pini yake ya 5, ile ya kudhibiti. Inafanya kazi, lakini nikikanyaga kasi inashuka badala ya kupanda. Tena taa ya LED inazidi kukaa imewaka, huku muda wa kuzima ukibaki uleule. Kwenye spika sauti inakatwakatwa kama kwa mkasi, na mimi nataka wimbi la pembetatu, lipande na kushuka taratibu.

Sasa nafikiria LM358, chipu yenye op-amp (vikuza ishara) mbili: nusu moja iwe intigreta (inayogeuza volti thabiti kuwa mteremko wa taratibu), nusu nyingine kilinganishi chenye histerisi (kinachogeuza mwelekeo wimbi likifika kikomo cha juu au cha chini). Je, kwenye 1 Hz mkondo mdogo wa pini zake za kuingilia utapindisha wimbi, au nihamie TL072, op-amp ambayo pini zake huvuta mkondo mdogo zaidi? Na kapasita, niweke ya filamu ya mikrofaradi 1 na rizista kubwa? Za elektroliti zinavuja, naziogopa.

Mwenye mchoro aliowahi kuujenga ukakubali, naomba anisaidie. Jumapili tunapiga kanisani.