Admirali John Byng aliuawa kwa kosa gani hasa?

kasa_mzee: Wakuu naomba kuuliza. Huyu John Byng wa jeshi la majini la Uingereza kaingia 1718 akiwa dogo wa miaka 13, baba yake naye admirali mkubwa, kapanda vyeo mpaka juu na ubunge kapata, halafu 1757 anapigwa risasi na watu wake wenyewe?? Aliuza nchi au?

Mchana_Nyavu: Hakuuza kitu mkuu, ni kisiwa cha Minorca hicho. 1756 katumwa kuokoa ngome ya Waingereza ya St Philip's huko, imezingirwa na Wafaransa, meli zingine chakavu na mabaharia pungufu, alilalamika kabla hata hawajapigana. Tarehe 20 Mei wakakutana na kikosi cha Wafaransa chini ya La Galissonière, meli za mbele zikala kichapo, za nyuma pamoja na yake zikachelewa kufika, ila hakuna iliyozama. Siku nne baadaye akakaa kikao na maofisa wakakubaliana warudi Gibraltar. Ngome ikaenda, London pakawaka moto

dira_mbovu: Hapo kwenye kuchelewa ndo penye utamu. Nahodha wake alimwambia tutoke kwenye mstari (safu moja ambayo meli zilijipanga kupigana) tuwafuate Wafaransa, akagoma, akamtajia yaliyomkuta admirali mwenzake Mathews. Huyo Mathews kwenye vita vya Toulon 1744 alivamia kabla mstari haujakaa sawa, akafukuzwa jeshini, na Byng mwenyewe alikuwemo kati ya waliomhukumu! Sasa ungekuwa wewe ungevunja mstari?

kasa_mzee: Duh. Sasa si wangemfukuza tu kama mwenzake

dira_mbovu: Sheria ilishakazwa 1749, ofisa asiyefanya kila awezalo vitani adhabu ni kifo tu, mahakama haina pa kupunguza. Walimsafisha kabisa kwenye uoga, wakamtia hatiani kwa hilo moja, halafu haohao majaji wakamwombea msamaha. Mfalme George II akakaza shingo. Tarehe 14 Machi pale Portsmouth, juu ya meli Monarch, akapiga magoti juu ya mto laini, akaangusha leso mwenyewe kuwapa askari ishara wafyatue

kasa_mzee: Na waliompa hizo meli chakavu?

Mchana_Nyavu: Jamaa kaangushiwa jumba bovu tu. Anson aliyekuwa bosi wa jeshi la majini alitoka Novemba 1756, mwaka uliofuata karudi kiti kilekile, na Duke wa Newcastle kwenye uwaziri mkuu vilevile